Picha Isiyo na Jina: Rai kwa Wapigapicha wa Ridhaa wa Pwani

Zamani, mkazi wa Mombasa aliyetaka picha alivaa nguo zake za sikukuu, akajipaka manukato, akaenda studio. Picha ilikuwa tukio. Leo hali imegeuka. Karibu kila kijana anayekatiza mitaa ya Ganjoni kuelekea Feri ana kamera katika simu yake, na wachache wenye uwezo zaidi wana kamera zenye lenzi ndefu shingoni. Hupigwa picha kunguru aliyetua juu ya waya wa umeme, mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, mkokoteni uliosheheni madumu ya maji, muuza kahawa na dele lake, mibuyu ya Mama Ngina magharibi inapoingia. Wengine hupanda matatu mpaka Watamu au boti mpaka Unguja, wakarudi na picha mia mbili za safari ya siku mbili. Hawa ndio ninaowaita wapigapicha wa ridhaa, kama tusemavyo mabondia wa ridhaa: watu wafanyao jambo kwa mapenzi yao, bila ujira wala kuamrishwa.

Makala haya hayakusudii kuwakejeli watu hawa. Wapo wanazuoni wanaoiona kazi yao kuwa ni mchezo wa vijana wasio na shughuli. Mimi siioni hivyo. Naamini kwamba tangu kamusi ya kwanza ya lugha yetu iandikwe, Kiswahili hakijawahi kupata wasaidizi wengi kiasi hiki. Tatizo ni kwamba wasaidizi hao hawajui kuwa ni wasaidizi, nasi wanafunzi wa Kiswahili hatujawaambia. Picha zao huzaliwa bubu. Zikipewa maelezo, maelezo hayo huwa ni ya Kiingereza, na mara nyingi huwa ni neno moja tu la jumla: ndege, mlango, bahari, uzuri. Dai langu ni hili: picha ya kitu cha pwani isiyobeba jina la kitu hicho kwa Kiswahili imefanya nusu ya kazi yake, na nusu iliyobaki ndiyo inayotupotea kila siku.

Kamusi na "aina ya ndege"

Tuanze na kamusi, kwa kuwa ndizo ghala letu. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno ya lugha hii kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Kamusi ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Kila moja ina majina mengi ya ndege, samaki, miti na vyombo, nasi tunawashukuru waliozitunga. Lakini mwanafunzi aliyewahi kutafuta maana ya jina la ndege katika kamusi zetu anajua majibu anayokutana nayo mara kwa mara: "aina ya ndege", "ndege mdogo wa rangi ya kijivu", "ndege wa pwani mwenye miguu mirefu". Ndege wa pwani wenye miguu mirefu ni wengi. Kwa maelezo kama hayo, mtu hawezi kumtambua ndege huyo hata akitua mbele yake.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wanakamusi. Wao walikuwa na karatasi, si kamera. Kumweleza ndege kwa maneno hata asichanganywe na mwenziwe ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, na kamusi haina nafasi ya kurasa mbili kwa kila kiumbe. Hata hivyo, matokeo yake tunayaona darasani. Msomi wa ushairi anakutana na kozi katika beti za wazee, anafungua kamusi, anaambiwa kuwa kozi ni ndege mwindaji, naye anaendelea. Hajawahi kumwona kozi akiteremka kama jiwe juu ya njiwa. Kwa hiyo sitiari ambayo mshairi aliikusudia imtie msomaji khofu, kwake imekuwa ni neno la kukariri kwa ajili ya mtihani. Twamwita mtu mwenye maneno mengi chiriku, lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kumwonyesha chiriku kwa kidole? Chozi ni ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza nekta ya maua, na yumo katika bustani za Mombasa, lakini kwa vijana wengi wa mji huu neno chozi lina maana moja tu, ile ya jicho. Chekeamwezi ni jina la ndege mdogo wa ufukweni mwenye miguu myembamba. Jina hilo peke yake ni ushairi. Litabaki lini katika vinywa vya watu ikiwa hakuna anayejua ni la nani?

Fasihi yetu, kwa ufupi, inasimama juu ya vitu vilivyoonekana. Vitu hivyo vikitutoka machoni, maneno yanabaki kama maganda.

Picha za kwanza na "aina ya mtu"

Jambo la pili linatokana na historia ya kamera yenyewe katika mji huu. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, na William D. Young ni miongoni mwa wapigapicha walioacha kumbukumbu ya kazi hiyo. Katika zama hizo, na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, picha nyingi za pwani zilichapishwa katika kadi za posta zilizouzwa kwa abiria wa meli na kutumwa Ulaya na Bara Hindi. Zilionyesha mitaa, ngome, minazi na watu. Ukitazama maelezo yaliyochapishwa chini ya picha za watu, utaona kwamba mara nyingi hayamtaji mtu. Yanataja kundi: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, wenyeji. Mama aliyesimama mbele ya kamera kwa leso zake alikuwa na jina, mtaa, wazazi na pengine wajukuu ambao leo wanaishi Kibokoni au Kuze. Kadi ilimgeuza kuwa mfano wa jamii yake.

Hapa msomaji ataona nilikokuwa nikielekea. Kamusi inaposema "aina ya ndege" na kadi inaposema, kwa namna yake, "aina ya mtu", kasoro ni moja. Kitu kimeonekana, kimehifadhiwa, lakini hakikujulikana. Tofauti ni kwamba mwanakamusi alikuwa na jina akakosa sura, na mchapishaji wa kadi alikuwa na sura akakosa jina.

Mambo yalibadilika pale wenyeji wenyewe walipoanza kuingia studio kwa hiari yao na kwa fedha zao. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyoanza kazi katika miaka ya 1940. Aliyekwenda huko alichagua mavazi yake, alichagua namna ya kusimama, na picha ilirudi nyumbani kwake ikatiwa katika albamu au kutundikwa ukutani, ambako kila aliyeitazama alijua ni ya nani. Picha hizo hazikuhitaji maelezo kwa sababu jina lilikuwa ndani ya nyumba pamoja nazo. Lakini leo, albamu hizo zinapotawanyika baada ya wazee kufariki, nazo zinaanza kuwa bubu. Nyuma ya picha hamna kitu kilichoandikwa. Wajukuu wanauliziana: huyu ni nani?

Kwa hiyo tusidhani kwamba ububu wa picha ni ugonjwa wa wageni peke yao. Picha yoyote, iwe ya bibi au ya ndege, inakuwa bubu pale mtu wa mwisho anayemjua aliyemo anapoondoka bila kuulizwa.

Kunguru wawili chini ya jina moja

Huenda msomaji akasema kuwa haya ni masikitiko ya mwanafunzi wa fasihi, na kwamba maisha yanaendelea bila chozi wala chekeamwezi. Basi na nitoe mfano ambao mkazi yeyote wa Ganjoni anaujua, kwa kuwa unamwamsha alfajiri kila siku: kunguru.

Pwani yetu ina kunguru wa namna mbili wanaohusika hapa. Wa kwanza ni mwenyeji wa Afrika. Ni mkubwa, mweusi, mwenye kifua na ukosi mweupe kama aliyevaa kanzu ndani ya joho. Wa pili ni mgeni kutoka Bara Hindi. Ni mdogo kidogo kwa umbo, na shingo yake ni ya rangi ya majivu. Huyu wa pili aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 kwa nia ya kusafisha taka za mji, na ilipofika mwaka 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Tangu hapo ameongezeka kupita kiasi. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, ananyakua vifaranga vya kuku uani, anachafua mapaa, na anastawi popote penye jaa. Kunguru mwenyeji, yule wa kifua cheupe, amepungua sana katika miji ya pwani, na ndege wadogo wa bustanini wamepata taabu.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hawa wa kigeni wapatao milioni moja. Sitaki kuingia hapa katika mjadala wa njia zinazotumika. Ninachotaka kuuliza ni swali la lugha: tangazo kama hilo likimfikia mwananchi wa kawaida kwa Kiswahili, linamwambia nini? Linamwambia kunguru ni adui. Kunguru yupi? Katika mazungumzo ya kila siku wote wawili ni kunguru tu. Wazee wengine humwita yule mgeni kunguru wa Kihindi, lakini vijana wengi hawafanyi tofauti hiyo, na wengine hawajui kuwa wako wawili. Mtoto mwenye manati akimlenga yule wa kifua cheupe, anadhani anaisaidia serikali. Hapo ukosefu wa jina umekwisha kuwa suala la uhai wa kiumbe.

Sasa tazama picha mbili zikiwekwa sambamba, moja ya kunguru wa kifua cheupe na moja ya kunguru wa shingo ya kijivu, kila moja na jina lake kwa Kiswahili na mstari mmoja wa habari yake. Picha hizo zikibandikwa katika ukuta wa shule moja ya msingi, zitafanya kazi kubwa kuliko hotuba. Wala hazihitaji mtaalamu. Mpigapicha wa ridhaa yeyote wa Mombasa anaweza kumpata wa pili bila kutoka barazani, na wa kwanza kwa subira kidogo.

Kwa mwanafasihi pia liko la kuzingatia. Methali ya kunguru mwoga anayeokoa ubawa wake, na ule usemi kwamba kunguru hafugiki, tunazifundisha kama kwamba zinamhusu huyu anayetupokonya vitumbua mkononi. Kunguru wa Bara Hindi si mwoga hata kidogo, na yeye ndiye aliyejifuga kwetu bila kualikwa. Kwa maoni yangu, wahenga walikuwa wakimtazama yule mwenyeji. Ikiwa ni hivyo, basi tumekuwa tukiisoma methali huku tukimtazama ndege asiyehusika.

Majina yaliyotoka mbali

Kama sisi hatutavipa vitu vyetu majina, au hatutayatangaza majina viliyonayo tayari, wengine watafanya hivyo, na wamekwisha kufanya. Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una bundi mdogo asiyefika urefu wa sentimita 20. Sayansi ilimtambua rasmi mwaka 1966, ikampa jina Otus ireneae, kwa heshima ya Irene Morden, mwanamke Mmarekani. Katika eneo hilohilo yumo ndege wa jamii ya kwera ambaye hapatikani popote duniani ila katika sehemu hizo za Kilifi. Kwa Kiingereza ndege huyo anajulikana kwa jina la Clarke. Mazalia yake hayakuthibitishwa na watafiti mpaka mwaka 2013, katika misitu ya Dakatcha. Lakini watu wa Dakatcha na wa Sokoke hawakuanza kuishi huko mwaka 2013, wala mwaka 1966. Waliishi na viumbe hao, wakawasikia usiku, wakawa na la kusema juu yao.

Sidai kwamba majina ya kisayansi yafutwe. Yana faida kubwa, kwani mtafiti wa Japani na wa Kenya huelewana kwayo bila shida. Lakini ni vyema tujue kwamba hata huko ughaibuni suala la majina halichukuliwi kama mzaha. Mwishoni mwa mwaka 2023, jumuiya ya wataalamu wa ndege ya Marekani ilitangaza nia ya kuyabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wa bara lao waliopewa majina ya watu, na kuwashirikisha wananchi katika kutafuta mapya yanayomweleza ndege mwenyewe. Ikiwa wenye majina mengi yaliyoandikwa wanayafikiria upya, sisi tuliojaaliwa majina kama chekeamwezi, yangeyange, shorewanda na keremkerem tuna udhuru gani wa kuyaacha yafe?

Jina halipigwi kwa mbali

Nakuja sasa katika hoja ninayoiona kuwa ndiyo kiini. Lenzi ndefu inaweza kumleta karibu ndege aliye mita mia moja. Inaweza kumleta karibu hata mtu asiyejua kuwa anatazamwa. Jina haliji hivyo. Ukitaka jina huna budi kuizima kamera, kusogea, kutoa salamu na kuuliza.

Nimelijaribu hili mara nyingi katika diko moja la wavuvi upande wa Mji wa Kale. Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja, katika kioo cha kamera, picha ya ndege wa kijivu mwenye shingo ndefu aliyekuwa amesimama kwenye maji madogo. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee aliitazama picha kwa muda, akasema: "Huyo kulasitara, mwanangu. Yuwangoja maji yapwe." Kisha akaanza kueleza ni maji ya namna gani ndege huyo huyapenda, na samaki gani huwapo hapo, na kwa nini mvuvi mwenye akili humtazama ndege kabla hajashusha mtumbwi. Kwa swali moja nilipata jina, tabia, elimu ya kupwa na kujaa, na sentensi ya Kimvita ambayo hakuna kamusi ingenipa. Picha yangu ilikuwa ya kawaida tu, kama picha elfu nyingine za ndege huyo. Maneno ya mzee ndiyo yaliyoifanya iwe na thamani.

Kuna jambo la adabu pia ndani yake. Wenyeji wa Mji wa Kale wanalalamika, na wana haki, juu ya watu wanaoingia vichochoroni na kuwapiga picha akina mama waliokaa vizingitini mwao au watoto wanaocheza, kisha wakaondoka bila hata salamu. Malalamiko hayo huelekezwa kwa watalii, lakini siku hizi vijana wa mjini nao ni walewale. Anayeuliza jina hawezi kufanya hivyo. Akiuliza jina la ule uti wa katikati wa mlango wa nakshi ataambiwa kuwa ni mfaa, na pengine ataambiwa mlango ulichongwa na fundi wa wapi na kwa harusi ya nani. Kwa kuuliza amekwisha kuwa mgeni wa nyumba, si mwizi wa sura yake. Na akikataliwa kupiga picha, atakuwa amekataliwa kwa heshima, naye ataondoka na heshima yake.

Lugha yenyewe inatufunza. Kiswahili husema kupiga picha, kama tusemavyo kupiga hodi. Siku hizi husikika "kuchukua picha", usemi uliotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Sipendi kugombana na vijana kwa sababu ya kitenzi kimoja, lakini naona kwamba kitenzi hicho kipya kinaeleza vizuri tabia mpya: mtu anachukua, anaondoka. Bora tubaki na kupiga, na kabla ya kupiga picha tupige hodi.

Pingamizi zinazotarajiwa

Atatokea atakayesema kwamba picha ni lugha ya dunia nzima, haihitaji maneno. Maneno haya yana utamu lakini hayana ukweli. Picha ya kunguru haimwambii Mjapani wala mtoto wa Majengo kuwa ndege huyu aliletwa kwa meli. Picha ya mlango haisemi mfaa. Picha huonyesha, kueleza ni kazi ya lugha.

Wa pili atasema kuwa majina ya Kiswahili hayana uhakika: jina moja hubeba ndege watano, na ndege mmoja ana majina matatu kutoka Lamu hadi Vanga. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya kuanza sasa. Mkanganyiko huo hauwezi kutatuliwa na kamati iliyokaa ofisini bila ushahidi. Utatatuliwa na picha nyingi zenye majina, mahali na tarehe, zikilinganishwa. Tukipata picha ishirini za ndege mmoja, kumi na tano zikasema jina moja na tano zikasema jingine, na hizo tano zote zikawa zimetoka Siu na Pate, hapo tumepata ramani ya lahaja na kamusi kwa pamoja.

Wa tatu atasema: niacheni, mimi napiga picha kujiburudisha, msinipe kazi ya shule. Huyu namhurumia zaidi kuliko wote, kwa maana ridhaa ikigeuzwa amri si ridhaa tena. Kwake nina neno moja tu. Burudani ya kupiga picha ya ndege usiyemjua haifiki nusu ya burudani ya kumtambua. Ajaribu mara moja, kisha aamue mwenyewe.

Nini kifanywe

Napendekeza mambo matatu, yote madogo.

La kwanza linamhusu mpigapicha. Chini ya kila picha anayoithamini aandike mambo manne: jina la kitu kwa Kiswahili kama alivyoambiwa, hata kama ni la lahaja, mahali, tarehe, na habari moja aliyoipata kwa aliyempa jina. Asimtaje mtu huyo bila idhini yake. Kama hakupata jina, aandike kuwa jina linatafutwa. Hilo nalo ni mwaliko kwa mwingine mwenye kujua. Tena asimsumbue ndege kiotoni kwa ajili ya picha, kwani picha ya kinda lililokimbiwa na mamaye haina fahari.

La pili linavihusu vyama vyetu vya wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea makongamano ya kusomeana makala, na yana nafasi yake. Lakini kila tawi linaweza kuwa na albamu ya majina ya eneo lake, na wanafunzi wanaporudi likizoni makwao wakaijaza. Wa Mombasa waanze na ndege na milango; wa Lamu na vyombo vya bahari; wa Taita na miti; wa Kisumu na Bukoba waulize samaki wa ziwani wanaitwaje kwa Kiswahili cha huko. Tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, badala ya hotuba peke yake tutundike picha hizo hadharani na tuwaalike wazee waje kuzisahihisha. Nina yakini mjadala utakuwa mkali, na watakaojifunza zaidi watakuwa sisi wenye shahada.

La tatu linawahusu wanakamusi na wachapishaji. Kamusi zijazo zitumie hazina hii, kwa idhini na kwa kuwataja wenye picha. Maelezo ya "aina ya ndege" yalikuwa na udhuru mwaka 1882 na hata mwaka 1981. Leo udhuru huo umekwisha.

Mtaa ninaokaa unaitwa Ganjoni. Ganjo, katika Kiswahili cha kale, ni mahame, yaani mahali palipohamwa pakabaki magofu. Wengi wa wakazi wake wa leo hawajui maana hiyo, na hulitamka jina kila wanapopanda tuktuk. Neno limesalia, picha yake imeondoka. Majina mengine ya pwani hii yamo njiani kufika hapo, ya ndege, ya samaki, ya sehemu za mlango na za jahazi. Wanaoyajua wako hai, wamekaa barazani na madikoni, na hakuna anayekwenda kuwauliza kwa kuwa sote tumeinamia vioo vya simu tukitazama picha za vitu hivyohivyo. Basi mwenye kamera na akaulize wakati jibu lingalipo.